Ukialikwa Pombe Ulyankulu

Kabla hujauliza ni pombe gani, uliza ni pombe ya nani. Ulyankulu kuna pombe inayouzwa, ambayo ukiwa na hela utakunywa na hakuna atakayekuuliza kwenu ni wapi. Na kuna pombe inayopikwa kwa ajili ya shughuli: harusi, mahari, kumaliza matanga, kazi ya shamba iliyoitiwa majirani. Hii ya pili hainunuliki hata uje na bunda la noti, na mgeni anayejaribu kuinunua anamwaibisha mwenyeji wake mbele za watu. Makosa ya wageni karibu yote yanatokana na kutojua hilo. Mtu yuko kwenye shughuli anafanya ya kilabuni, au yuko kilabuni anasubiri kukaribishwa utadhani yuko harusini.

Wasafiri wengi siku hizi wana habari nyingi za Munich kuliko za Ulyankulu, basi tuanzie huko. Ile sherehe kubwa ya bia ya Wajerumani, Oktoberfest, ilianza kama mwaliko. Tarehe 12 Oktoba 1810 Mwanamfalme Ludwig wa Bavaria alimwoa Therese, na siku chache baadaye watu wa mji wakakaribishwa uwanjani nje ya lango la mji kutazama mashindano ya farasi. Uwanja ukapewa jina la bibi harusi, Theresienwiese, na sherehe inafanyika hapohapo hadi leo. Ila sasa ni biashara. Bia inatoka katika viwanda sita vya Munich na si kwingine, kipimo ni bilauri ya lita moja, na watu zaidi ya milioni sita hupita hapo kwa muda wa wiki mbili na ushee kuanzia Septemba. Kiingilio hakuna, lakini meza ndani ya hema huwekewa nafasi miezi kadhaa kabla. Kule wewe ni mteja mwanzo hadi mwisho, na hilo linarahisisha mambo: lipa, kaa, kunywa, ondoka. Ulyankulu unaweza kuwa mteja leo na mgeni kesho, kijiji kilekile, pengine kwa mama yuleyule aliyekupimia jana.

Kufika

Ulyankulu iko kaskazini magharibi mwa mji wa Tabora, katika Wilaya ya Kaliua, ndani ya misitu ya miombo. Ilikuwa sehemu ya himaya ya Mtemi Mirambo, yule aliyewafungia Waarabu wa Tabora njia ya Ujiji mwaka 1871 na kuwafundisha kwamba msafara haupiti nchi ya mtu bila kubisha hodi. Alifariki mwaka 1884. Fundisho lake bado lina kazi.

Ukitokea Dar es Salaam, treni ya umeme inakufikisha Dodoma na kutoka hapo unaendelea kwa basi. Mwenye subira na apande treni ya zamani ya Reli ya Kati, ile waliyoijenga Wajerumani ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Haisafiri kila siku, kwa hiyo ulizia ratiba kabla ya kufunga begi. Ukipata nafasi mjini Tabora, nenda Kwihara ukaione tembe alimokaa Livingstone, kisha urudi stendi kutafuta basi la Ulyankulu. Ukishaiacha lami, kiangazi ni vumbi na masika ni tope. Vaa nguo usiyoionea huruma, ile ya shughuli iweke ndani ya begi.

Sasa jambo la watu. Mwaka 1972, mauaji ya Burundi yalipofukuza maelfu kwa maelfu ya watu, serikali ya Tanzania ilifungua makazi hapa, na wakimbizi waliyageuza mapori haya kuwa mashamba. Baadhi yao walihamishiwa Mishamo makazi hayo yalipofunguliwa mwaka 1978, wengine wakabaki. Serikali baadaye iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa hiyo wale utakaokunywa nao ni Watanzania, wengi wamezaliwa hapahapa. Usimwite mtu mkimbizi. Usimuulize pia, kikombe cha kwanza kikiwa bado mkononi, wazazi wake walipoteza nani mwaka ule. Akitaka kusema atasema mwenyewe, na mara nyingi atasema usiku ukiwa umekwenda.

Pembeni yao wako Wanyamwezi, wenyeji wa nchi, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe na majembe. Ndiyo maana hapa unapata aina za pombe ambazo kwingine ungezitafuta katika mikoa mitatu.

Vijiji vya makazi vilipimwa kando ya barabara zilizonyooka zenye namba, na mpaka leo watu huelekezana kwa namba. Wapenzi wa nyimbo za injili wanaijua Barabara ya 13 kwa sababu ya kwaya yake. Basi ukialikwa, usiridhike na maelekezo ya "karibu na kanisa", maana makanisa ni mengi kuliko vilabu. Uliza barabara ya ngapi.

Msimu

Nenda kati ya Juni na Septemba. Mvua zimekata, mahindi yako ghalani, mtama umekauka, asali inatoka porini, na wakulima wa tumbaku wanaanza kuishika hela yao. Harusi zote zilizokuwa zikisubiri "tumbaku iuzwe" zinafungwa kipindi hiki. Jumamosi moja unaweza kusikia ngoma pande mbili za kijiji kwa wakati mmoja.

Mtu akikualika Desemba au Januari, ujue anakuita kulima. Nayo si vibaya. Majirani wanaitwa, wanalima shamba la mmoja kuanzia alfajiri, na jua likiwa kali wanakaa chini ya mwembe na mtungi unaletwa. Watu wenye asili ya Burundi huita kazi hiyo ikibiri. Wasukuma wana bugobogobo, ambapo ngoma inapigwa shambani na majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Sheria ni fupi: asiyeshika jembe hashiki kikombe. Hakuna atakayekufukuza ukikaa tu na kamera yako, ila utaona jinsi kikombe kinavyokuzunguka bila kusimama. Lima hata matuta mawili. Watakucheka namna unavyoshika mpini, na kuanzia hapo wewe ni wa nyumbani.

Kilichomo mtungini

Nianze na wanzuki, kwa kuwa huku ndiko kwao. Tabora ni nchi ya asali kiasi kwamba chuo cha kufundisha ufugaji nyuki kiko hapahapa mjini. Warina asali hutundika mizinga ya magome juu ya miti ya miombo, mbali na nyumba, na msimu ukifika hukaa kambini porini hata wiki kadhaa. Asali safi huuzwa. Masega yaliyokwisha kamuliwa husuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, yakachujwa, na maji yale matamu yakitiwa chachu na kufunikwa ndiyo yanayogeuka wanzuki. Kuna anayetia asali nzima, na kuna anayetia sukari na kuapa kuwa ni asali. Kuwajua si kazi: wanzuki ya asali inaacha harufu ya nta na moshi puani baada ya kumeza, ya sukari inaacha utamu na harufu ya hamira tu. Ile inayouzwa mijini kwa jina hilo, kwa maoni yangu, nyingi yake haijawahi kukutana na nyuki.

Onyo lake ni moja. Utamu unakudanganya kuwa ni juisi. Mgeni hunywa kikombe cha kwanza kwa kiu, cha pili kwa furaha, akifika cha tatu ameshaanza kuwapa watu namba ya simu ya bosi wake. Kunywa taratibu na kula kwanza.

Impeke ni habari nyingine kabisa. Hii ni pombe ya mtama ya watu wa Burundi, na inakuchukua siku kadhaa kabla hata hujaionja. Mtama unalowekwa, unafunikwa hadi uchipue, unaanikwa juani, unasagwa. Hicho ndicho kimea. Unga unapikwa, unapoozwa, kimea kinatiwa, kisha chungu kinaachwa kifanye kazi yake. Ukikaribia chungu chenye impeke iliyoiva utasikia mlio mdogo wa mapovu yanayopasuka, na harufu yake ni ya uji uliochachuka ukielekea kwenye mkate. Rangi ni ya kahawia. Juu kuna utando wa makapi, chini yametuama machicha, na kinywaji chenyewe kiko katikati.

Hapo ndipo mrija unapohitaji ujuzi. Impeke ya heshima hunywewa kwa mirija mirefu katika chungu kimoja, watu wakikizunguka. Mgeni hukosea kwa kuutumbukiza mrija hadi chini na kuvuta machicha mdomo mzima, au kuuweka juu sana akavuta makapi. Pitisha ncha chini ya utando, simama hapo, vuta kidogokidogo. Usikoroge. Anayekoroga anawavurugia wote, na ataambiwa. Baada ya kunywa, mpishe mwenzako. Chungu kina mirija michache kuliko watu, na kuking'ang'ania ni tabia ya mtoto. Wateso wa Uganda na Kenya nao hunywa pombe yao ya ulezi kwa mirija hivyohivyo, kwa hiyo msomaji wa Soroti au Busia hapa ana la kuwafundisha wenzake.

Pombe ya ndizi, urwarwa, ni ya kubahatisha, kwa sababu Unyamwezi si nchi ya migomba kama Kagera au Kasulu; inategemea aliye na bonde lenye maji. Ukiipata, omba kutazama inavyotengenezwa kabla ya kuomba kunywa. Ndizi zilizovundikwa hadi zikawa laini humenywa na kukandwa pamoja na majani makavu. Majani ndiyo yanayozuia nyama ya ndizi na kuruhusu maji peke yake yatoke. Mkandaji anabana, anageuza, anabana, na baada ya muda unaona kijito chembamba cha rangi ya dhahabu kikianza kutiririka kutoka kwenye fungu lililoonekana halina hata tone. Juisi hiyo ikinywewa siku hiyohiyo ni tamu na haina kileo, watoto wanaigombea. Ikitiwa unga wa mtama na kuachwa siku mbili tatu, watoto hufukuzwa.

Kangara na komoni utazikuta pia. Ni pombe za kilabuni, za mahindi na kimea, zinashibisha, na sina zaidi la kusema juu yake isipokuwa kwamba komoni ya siku ya kwanza na ya siku ya nne ni vitu viwili tofauti. Uliza ni ya lini. Sheria ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, hopsi na maji tu. Mkaguzi wa sheria ile akiletwa Ulyankulu angerudi kwao siku ya kwanza.

Gongo usiguse. Si suala la adabu wala ladha. Sheria imeipiga marufuku tangu mwaka 1966, na hakuna namna ya kujua kwa macho kama iliyo mbele yako ina sumu ya methanoli inayopofusha na kuua. Itakuja katika chupa ya maji ya kunywa, ikiletwa na mtu mkarimu. Mshukuru na useme daktari amekukataza.

Kilabuni

Kilabu ni mabenchi, paa la bati au nyasi, ndoo zenye mifuniko na mama anayepima. Kipimo ni kopo au jagi. Lipa kabla hujanywa hata kama hukudaiwa, kwa sababu hesabu za baadaye hazikosi ugomvi. Vilabu vya pombe za kienyeji huendeshwa kwa leseni na vina saa zake. Watendaji huwa wakali zaidi msimu wa kilimo, wakati ambao mtu kukutwa kilabuni asubuhi ni kosa kijijini hata kama ni mgeni aliye likizo. Ukiona watu wanainuka ghafla na kutoka kwa mlango wa nyuma, inuka nawe, ila toka kwa mlango wa mbele.

Kuonja kidogo kabla ya kununua ni haki yako, na muuzaji mzuri atakupa mwenyewe. Ukitaka kuwanunulia wenzako, nunua jagi moja liwekwe katikati ya benchi lenu. Usinunulie kilabu kizima. Mgeni anayetangaza ofa kwa wote hujipatia marafiki arobaini ambao kesho yake watakuwa wamekaa nje ya gesti wakimsubiri aamke.

Mwanamke anayesafiri peke yake asiogope kilabu, kwa kuwa wauzaji ni wanawake na wanywaji wanawake wapo pia. Akae upande wa muuzaji, ambako mlevi msumbufu hukemewa kabla hajafika, na aondoke mapema pamoja na mtu anayemfahamu.

Jambo la picha nalisema kwa ukali kidogo. Mtu aliyelewa hawezi kukupa ruhusa ya kumpiga picha, hata akicheka na kupunga mkono. Piga picha ya chungu, ya ndoo, ya mizinga ya nyuki. Wazee waache.

Kwenye shughuli

Hapa ndipo safari ilipo. Utaalikwa na mtu, au na mtu wa mtu, na neno utakaloambiwa litakuwa dogo tu: "Jumamosi kuna kashughuli pale kwa mzee, njoo." Kubali, kisha muulize aliyekualika mambo matatu: ni shughuli ya nini, wanaokunywa ni akina nani, na kuna daftari au hakuna.

Daftari ni la michango. Karibu na mlango au chini ya turubai utamkuta kijana mwenye daftari la shule la kurasa nyingi na kalamu sikioni. Anaandika jina, anatokea wapi, ametoa nini: fedha, debe la mahindi, sukari, kreti ya soda. Fedha zako zinaingia hapo, na hapo tu. Daftari litasomwa, pengine mbele ya watu wote, na litatunzwa, kwa sababu kila jina lililomo mwenye nyumba atatakiwa kulirudishia siku yake ikifika. Wewe huenda usirudi tena Ulyankulu. Andikisha hata hivyo, na usiandikishe kiasi cha kumfunika baba mdogo wa bwana harusi. Muulize mwenyeji wako watu wa rika lako wanatoa nini, utoe hicho na kidogo juu yake. Kama huna fedha taslimu, sukari ya kilo kadhaa inapokelewa kwa mikono miwili kila nyumba.

Mlango mwingine wa fedha ni kutuza. Ngoma ikikolea, wachezaji hutuzwa noti, na mgeni akitoka kutuza watu hufurahi. Ukibahatika kukuta zile ngoma kubwa za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, simama mbali kidogo na wapigaji. Wanaruka juu sana, na mafimbo yale ni mazito.

Lakini nimekimbilia fedha kabla ya salamu. Ukifika, anza na wazee. Shikamoo inatosha mahali popote, ila ukiongeza "mwangaluka" kwa Mnyamwezi au Msukuma asubuhi, au "amahoro" kwa mwenye asili ya Burundi, utaona nyuso zinavyobadilika. Kaa utakapoonyeshwa. Usijichagulie kiti, hata kama kile cha karibu na chungu kiko wazi. Kiko wazi kwa sababu kina mwenyewe.

Halafu unasubiri. Pombe iko pale, unaiona, mapovu yanapasuka, na hakuna anayekunywa. Ni kawaida. Mapokeo ya Burundi yanataka maneno yatangulie: msemaji wa nyumba anasimama, anawasalimu wageni kwa ukoo na kwa umri, anaeleza sababu ya kukutana, na msemaji wa upande wa pili anajibu. Kwenye mahari hali hii huweza kuchukua saa nzima, ikiwa na mafumbo, utani na kukataana kwa uongo. Usitazame saa wala simu. Wengi wa waliokaa hapo wamekuja kwa ajili ya maneno kuliko pombe, na msemaji hodari hukumbukwa miaka.

Mwenyeji ataonja kwanza. Ni desturi ya zamani ya kuonyesha kuwa hakuna ubaya ndani ya chungu, nayo hufanywa hata pale ambapo hakuna anayemshuku mtu. Baada yake wazee, kisha wengine. Kikija kwako, pokea kwa mkono wa kulia ukiushikia kwa wa kushoto, kunywa, rudisha. Kunusa pombe ya mtu kabla ya kunywa ni tusi.

Kuna uwezekano mkubwa wa kuambiwa: "Mgeni naye atusalimie." Usianze kusema hujajiandaa. Simama, sema sentensi nne, ukae. Mfano: "Wazee wangu shikamooni. Natokea Morogoro, nimeletwa na ndugu yangu huyu. Nimeikuta nyumba ina furaha, nami nimefurahi. Nilichokuja nacho ni kidogo, naomba kipokelewe." Watu watapiga makofi, na kuanzia hapo hutanywa tena kikombe kilichotangulia kwa mtu mdogo kwako. Usisimulie safari zako. Usilinganishe na kwenu.

Kumaliza matanga nako kuna pombe, jambo linalowashangaza wageni wa pwani. Pombe ile inafunga kipindi cha huzuni na kuwaruhusu wafiwa kurudi katika maisha yao ya kawaida. Furaha ipo, ila subiri ianzishwe na wenye msiba.

Desturi ya kunywa pamoja huku haikuletwa na makazi ya 1972. Msafiri Mwingereza Burton alipofika Kazeh, Tabora ya sasa, Novemba 1857, alikuta vijiji vya Unyamwezi vina iwanza, nyumba ya wanaume ya kukaa, kula na kunywa, na akaandika habari zake kirefu. Iwanza hazipo tena. Chini ya mwembe wanakaa vilevile, wazee upande mmoja na vijana upande wao.

Asiyekunywa

Nusu ya utakaokutana nao hawanywi. Ulyankulu ina walokole wengi na Tabora ina Waislamu wa tangu enzi za misafara, kwa hiyo kukataa pombe hakumshangazi mtu. Kinachoudhi ni kukataa kila kitu. Omba soda, togwa, au ile juisi ya ndizi ya siku hiyo kama ipo, ushike kitu mkononi. Sema "situmii" mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila mahubiri. Vivyo hivyo wewe unayekunywa usimshawishi kijana aliyekaa na soda yake. Mama yake yuko nyuma yako.

Kama una kikohozi, mafua au kidonda mdomoni, usiguse mrija wa pamoja. Omba kikombe chako peke yako, siku hizi vipo kila nyumba. Jua pia kwamba maji ya kuzimulia pombe huenda hayakuchemshwa. Mwenye tumbo jepesi achague impeke iliyopikwa na aiache ile iliyoongezwa maji mbele ya macho yake.

Giza likiingia, usitembee peke yako. Sungusungu wa maeneo haya wako macho, na mgeni asiyejulikana anayepepesuka saa sita za usiku atakuwa na mengi ya kueleza. Mwache mwenyeji akusindikize, au lala kwake ukiambiwa ulale. Bodaboda aliyekuwa naye mtungini usimpande, hata kama ndiye aliyekuleta.

Kuondoka kunaombwa. Mwambie mwenye nyumba, "Naomba ruhusa," naye atakukatalia mara ya kwanza, atakupa kikombe cha kuagana mara ya pili, na mara ya tatu atainuka kukusindikiza hadi barabarani. Tenga muda kwa hatua zote tatu. Mabasi ya kurudi Tabora huondoka asubuhi, kwa hiyo kata tiketi yako siku moja kabla, na uikate kabla ya kukaa kwenye chungu.